Alama ya timu katika gofu hukatwa kila siku

Kila Michezo ya Asia inapofanyika, ubishi ni uleule. Mtu anachukua jumla za mwisho za wachezaji wa nchi moja, anajumlisha tatu bora, haoni namba ya kwenye ubao, kisha anasema waamuzi wamekosea. Hawajakosea!

Wanaume huingia wanne, na kadi tatu bora za raundi hiyo, yaani zenye mikwaju michache zaidi, ndizo za timu. Wanawake ni watatu, zinachukuliwa mbili. Raundi ni nne, mashimo 72, na kila asubuhi mchujo unaanza upya.

Chukua raundi mbili tu. Siku ya kwanza wanaume wanne wanarudi na 68, 71, 72 na 79. Tupa 79, timu ina 211. Siku ya pili, kwa mpangilio uleule: 77, 70, 73, 67. Leo anayetupwa ni yule wa 68 ya jana. Timu inapata 210, jumla 421. Kwa hesabu ya wabishi, 145, 141 na 145 zinaleta 431: mikwaju kumi zaidi, na aliyefutwa ni mchezaji wa nne, ambaye 67 yake ndiyo iliyobeba siku ya pili. Kumwita mzigo kwa sababu jumla yake ni 146 ni kumwonea.

Kwenye Michezo ya Asia ya Hangzhou, China, mwaka 2023, Aditi Ashok wa India aliongoza kwa mikwaju saba baada ya raundi tatu, akapiga 77 siku ya mwisho, akaishia na fedha. Kwenye medali ya mtu binafsi hakuna kadi ya kutupa. Im Sung-jae wa Korea Kusini naye alipata fedha binafsi, ambayo nchini kwake haimwondolei mtu utumishi wa kawaida wa jeshi. Dhahabu ya timu ilimwondolea.

Kutouelewa mchujo huu huwaponza hata wachezaji. Aliyevurugikiwa huona kadi yake itatupwa tu, anaokota mpira karibu na shimo. Hapa hakuna mpinzani wa kukusamehe mkwaju wa mwisho. Mpira lazima uingie. Asiporekebisha kabla ya kupiga kwenye tii inayofuata (mahali pa kuanzia shimo), au kabla ya kurudisha kadi ikiwa ni shimo la 18, anaondolewa. Akisaini namba ndogo kuliko mikwaju aliyopiga, vilevile. Wanabaki watatu, na sasa kadi zote zinahesabiwa, hata ikiwemo ya 82. Na kumshauri mwenzako wa timu uwanjani ni adhabu ya mikwaju miwili.

Ninachosita ni kama nahodha amwambie mchezaji wa kundi la mwisho alama za wenzake. Akijua kadi tatu nzuri zimeshaingia, anaweza kulenga bendera iliyojificha nyuma ya maji bila kuiumiza timu. Lakini mkwaju huohuo unaandikwa pia kwenye hesabu yake binafsi, na huko hakuna wa kumfidia.