Kilima cha karibu na hema: dhana na ukweli

Wanaotoka Tanga mjini kwenda kupiga hema Lushoto, siku ya pili huulizia njia ya Irente, ukingo wa jabali unaotazama tambarare. Wakiniuliza mimi, kabla ya njia nawarekebishia mambo machache.

"Kilima kidogo, hata kwa ndala unapanda." Lushoto iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na kutoka mjini hadi ukingo wa jabali ni kama kilometa 6. Umbali si tatizo. Tatizo ni udongo: mwekundu, wa mfinyanzi, na ukilowa kwa mvua ya usiku unateleza vibaya. Vaa raba yenye meno.

"Kazi ni kupanda, kushuka unajishukia." Wazee walishasema, kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Unaposhuka, misuli ya mbele ya paja ndiyo breki. Inavutika huku imebeba uzito wako wote, ndiyo maana maumivu huja kesho yake. Kwenye njia za milima hii ya Usambara watazame akina mama wanaoshuka na kuni kichwani: hatua fupi, goti limekunjwa kidogo, mguu umetua wote kabla wa pili haujainuka. Kwangu huo ndio ufundi wenyewe, na mtoto anaweza kuuiga. Wengi huteleza wakati wa kushuka, mguu umechoka na akili imeshafika kwenye chai.

"Jua likizama bado kuna mwanga wa kurudia." Hapa nasisitiza, maana Irente inatazama magharibi na kila mtu anataka kuliona jua likizama. Huku karibu na ikweta jua hushuka karibu wima. Lushoto jua huzama kati ya saa 12:15 na 12:50 jioni kutegemea mwezi, na dakika ishirini na kitu baadaye hulioni jiwe lililo mbele ya kidole chako. Niliwahi kushuka giza hilo na mwanangu, tukimulika kwa simu moja. Alianguka mara mbili akachubuka kiganja. Tangu siku ile kila mtu na tochi yake, hata kama tunatoka saa tisa alasiri.

"Kuna baridi, jua haliunguzi." Hewa hupoa nyuzi 6 hivi kila mita 1,000, lakini miali inayounguza ngozi huongezeka kadiri unavyopanda. Kofia, basi.

"Kiangazi ndiko kuona mbali." Kiangazi kina vumbi na moshi wa mashamba, na tambarare hufifia. Hewa safi huja baada ya mvua. Ngoja ukungu wa alfajiri uondoke, ufike ukingoni saa tatu au saa nne asubuhi, jua likiwa mgongoni kwako. Kijiji cha Mazinde kitakuwa chini yako kabisa, mistari ya mkonge imenyooka, na malori ya barabara ya Moshi yanatambaa bila sauti.