Hamu ya Kula kwa Mtoto Anayetumia Dawa za ADHD: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Mtoto anayerudi na chakula cha mchana kikiwa hakijaguswa ana deko.

Dawa zinazotumika zaidi kutibu ADHD (hali inayomfanya mtoto ashindwe kutulia na kuwa makini) ni zile za kuchangamsha, yaani methilifenidati na zile za jamii ya amfetamini; huongeza dopamini na noradrenalini katika ubongo, na kemikali hizo zinazomsaidia mtoto kutulia ndizo pia zinazomfanya asisikie njaa. Methilifenidati ya kawaida hufanya kazi kwa takribani saa 4, ilhali ile inayoachiliwa polepole huweza kufikisha saa 8 hadi 12, kwa hiyo aliyeimeza saa 1 asubuhi hufikiwa na mlo wa mchana dawa ikiwa bado na nguvu. Njaa yake hurudi jioni, mara nyingi vyombo vikiwa vimeshaoshwa.

Dhana: Akiomba chakula saa 3 usiku anyimwe, ajifunze kula na wenzake.

Hili ndilo kosa linalomgharimu mtoto zaidi, kwa sababu saa hiyo huenda ndiyo pekee mwili wake unapodai chakula kwa dhati. Mwongozo wa mwaka 2018 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, unapendekeza dawa itolewe pamoja na mlo au baada yake, na mtoto apewe cha ziada asubuhi na mapema au jioni dawa ikiisha nguvu. Mayai au maziwa yenye mafuta yake yatangulie kidonge, na usiku awekewe sahani kamili, kwani biskuti mbili hazifidii mlo uliokosekana. Kuketi mezani na familia kuendelee, hata akila kidogo. Kinachopaswa kukoma ni kuhesabiwa matonge na ile amri ya “hunyanyuki mpaka umalize”, ambayo humfanya aichukie meza yenyewe.

Dhana: Dawa isiyo ya kuchangamsha haigusi hamu ya kula.

Inategemea ni ipi. Atomoksetini nayo huipunguza. Guanfasini kwa kawaida haifanyi hivyo.

Dhana: Dawa hizi hudumaza, hivyo mtoto akikonda ziachwe mara moja.

Ni kweli kwamba zinaweza kupunguza kasi ya kukua, ingawa kwa wastani tofauti ya kimo ni ndogo, na si busara mzazi kuipuuza wala kuikuza. NICE inaelekeza kimo kipimwe kila baada ya miezi 6, na uzito wa mtoto wa miaka 10 au chini kila baada ya miezi 3, kisha vipimo vichorwe kwenye chati ya ukuaji. Mstari wa uzito ukianza kushuka, daktari anaweza kubadilisha dozi, saa ya kumeza au dawa yenyewe, au kupanga likizo ya dawa, yaani kuisimamisha kwa muda. Mzazi amwendee akiwa ameandika kwa siku kadhaa saa ya kidonge na saa ambazo mtoto alikula vizuri.