Mkulima Hajakamatwa, Amehojiwa Tu

Imeingia tena mezani kwangu ripoti ya utafiti kwa Kiingereza, na kwenye ukurasa wa mbinu mwandishi anatangaza kwamba wakulima walikuwa "interrogated". Maskini wakulima! Walikaa chini ya mwembe wakajibu dodoso, kumbe kwa Kiingereza wako kituo cha polisi wanabanwa waseme ng'ombe wa wizi wako wapi. Nilipomuuliza mwandishi, jibu likawa lile lile la siku zote: "Si ni visawe tu, nimechagua kile kizito."

Jamani. Hata kwetu visawe havilingani. Mbuzi wa jirani hafariki, anakufa. Hakuna aliyekufundisha hilo darasani na hujawahi kulikosea. Ila ukifika kwenye Kiingereza, kamusi ya visawe inageuka gulio la mitumba: unachambua, ukiona lenye urembo mwingi unaondoka nalo.

Huo uzito una historia yake. Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya watawala, na Kilatini kikaendelea kanisani na kwa wasomi. Basi "ask" ni neno la nyumbani, "question" limepitia Kifaransa, "interrogate" asili yake Kilatini. "Buy" na "purchase", "begin" na "commence", ni hadithi ile ile. Barua ya kazi iliyojaa "commence" na "utilise" inasomeka kama notisi ya mahakama.

Hilo dogo. Kinachonikera ni "cause". Naletewa kila mara: "My training caused the success of the team." Sarufi safi, hakuna pa kutia kalamu nyekundu. Lakini "cause" limezoea shari: "cause damage", "cause delays", "cause an accident". Mwenye lugha akilikuta anajiandaa kwa msiba, halafu anaambiwa timu imefanikiwa! Nasi tuna mwelekeo huo huo: mvua husababisha maafa, neema huletwa. Andika "led to", au "helped the team succeed" kama una unyenyekevu kidogo. Tabia hizi zilianza kuonekana vizuri pale wanaisimu walipokusanya maandishi mengi kwenye kompyuta. COBUILD, kamusi ya Kiingereza ya mwaka 1987, ilitungwa hivyo. Kwa hiyo ukifungua kamusi, ruka maana, soma mifano. Humo ndimo utaona neno linaandamana na nani.

Chai kali ni "strong tea", kamwe si "powerful tea". Usiniulize kwa nini, sina sababu ninayoweza kuitetea.

Na kuna jozi zinazonishinda. Injini unai-"start", huwezi kui-"begin", hapo sina shaka. Lakini "it started to rain" na "it began to rain"? Kila kanuni niliyowahi kusoma huvunjwa na mfano unaofuata. Nachagua kwa sikio, pembeni naandika "hivi inasikika vizuri zaidi", nafungua ukurasa mwingine kabla mteja hajauliza.