Watoto wa Sande skuli wakienda kusaidia watu, wacha waulize kwanza

Nimefundisha Sande skuli hapa Kisumu miaka 11, na swali walimu wenzangu huniuliza sana ni tuwapeleke watoto wapi na wabebe nini. Mahali si shida jamani, ukivuka tu barabara utapata mtu ana uhitaji. Shida ni mtoto kufika kwa huyo mtu na mfuko ambao mamake aliufunga usiku, yeye hata hajui ndani kuna nini.

Mimi nilijifunza hii mwaka 2024, ile masika mto Nyando ulivunja kingo na familia nyingi za tambarare ya Kano zikahamia mashuleni na makanisani. Kabla ya kwenda nilileta trei ya mchanga darasani, nikainua upande mmoja nikawaambia hii ndio milima ya Nandi, nikamwaga maji pole pole, yakateremka na mchanga mpaka pale tambarare, mchanga ukalala, maji yakakosa njia yakatapakaa kila upande. Darasa lote likanyamaza, wengi wao nyanya zao wanaishi Ahero, huko huko Kano.

Basi tukakusanya nguo, magunia manne. Mama mmoja akatupokea vizuri sana, akatuombea, halafu akaniambia kwa upole, "Mwalimu, asanteni, nguo tumeletewa nyingi, lakini tuko familia sita na sufuria ni moja, tunapika kwa zamu, watoto wa zamu ya mwisho wanalala kabla ugali uive." Kasichana kangu ka miaka 9 kalikuwa kamenishika mkono, kakasikia yote.

Jumapili iliyofuata ni yeye alisimama mbele akawaambia wenzake habari ya sufuria, sikumtuma. Kopo likaanza kuzunguka, sarafu za tano tano, za kumi, pesa ya mandazi hiyo. Baada ya wiki tatu tukaenda Kibuye, na Jumapili ndio soko limejaa kabisa, wakazunguka kwa mafundi wa jua kali wakapatana bei wenyewe, mimi nimesimama nyuma tu. Walipata sufuria tano na fundi mmoja akawaongezea mwiko bila kuombwa.

Tangu hapo hatubebi kitu kabla ya kuuliza. Watoto wawili wa miaka 11 ama 12 wanatangulia na mwalimu na mzazi mmoja, wanasalimia, wanakaa, wanauliza huyo mtu siku yake huwa aje, nini imekuwa ngumu, na yeye mwenyewe angependa nini. Wakirudi wanaeleza darasa na darasa linaamua. Wale wadogo wa miaka 4 hadi 6 hawawezi kupanga, lakini wanachora kadi na wanaimba, na niamini, wazee hungoja hizo nyimbo kuliko unga.

Picha, hapa mimi ni mkali. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka ruhusa ya mzazi ama mlezi kwa taarifa za mtoto, lakini hata bila sheria, mtoto aliyepoteza nyumba jana hafai kusimamishwa na pakiti ya unga ili apigwe picha ya kuweka Facebook. Simu zetu hubaki kwa mfuko.

Somo ninalolirudia ni lile la Yohana sura ya 6, kijana wa mikate mitano na samaki wawili. Watoto wa ziwa lazima waulize walikuwa samaki gani, ngege ama mbuta, na tunaongea hapo mpaka muda unaisha, lakini huwa nawarudisha kwa huyo kijana, kwamba ni yeye alikuwa nacho mkononi, kidogo hivyo, kati ya watu wazima wote hao.

Wiki jana wawili wametoka Nyalenda kwa nyanya mmoja anayelea wajukuu. Hajaomba unga wala sabuni, ameomba mtu wa kumsomea barua zinazotoka shule. Tumeshapanga zamu, Jumamosi saa nane, watoto wawili na mwalimu mmoja, na wale wa kwanza wameshaanza kufanya mazoezi ya kusoma kwa sauti.