Kushtakiwa si Kukutwa na Hatia: Hofu Kuhusu Linux

Mama mmoja mwenye saiba hapa Kondele, Kisumu, aliniambia kwamba alifuta Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, katika kompyuta zake sita kwa kuwa alisikia anayeitumia anaweza kuburutwa mahakamani. Wengi huamini kwamba kampuni ikishatangaza kesi, basi programu huria ni mali ya wizi. Sivyo.

Hofu hiyo ina asili yake. Machi 2003, kampuni ya SCO Group ya Marekani iliishtaki kampuni ya kompyuta ya IBM ikidai kwamba msimbo (maandishi ya programu) wa Unix, mfumo wa kompyuta wa zamani zaidi, uliingizwa ndani ya Linux kinyume cha sheria. Miezi miwili baadaye ikapeleka barua za onyo kwa kampuni zipatazo 1,500, kisha ikawataka watumiaji walipie leseni ya dola 699 kwa seva yenye prosesa moja. Tangazo lilivuma kuliko ushahidi, na hapo ndipo ilipo nguvu ya mbinu hii, maana barua ya wakili humtetemesha mtu kabla jaji hajasoma hata ukurasa mmoja. Septemba 2007 SCO yenyewe iliomba kinga ya kufilisika, na mwaka 2010 jopo la raia mahakamani likaamua kwamba hakimiliki za Unix zilizogombaniwa ni za kampuni nyingine, Novell, si za SCO.

Nilimfungulia mama huyo leseni ya GPL, inayosimamia kiini cha Linux, tukaisoma pamoja kwenye skrini: inamruhusu yeyote kuitumia, kuinakili na kuibadilisha. Sharti kubwa humhusu anayewagawia wengine programu hiyo, iwe ameibadilisha au la, kwani hulazimika kuwapa na msimbo wake.