Ficus insipida, mtini wa Amerika usionyonga miti mingine

Ukitaja mitini ya misitu ya joto ya Amerika, wengi huwaza ile inayoota juu ya mti mwingine, ikateremsha mizizi hadi chini na hatimaye kuunyonga mti ulioibeba. Mimi huwaanzishia wanafunzi wangu wa botania na Ficus insipida, kwa sababu wenyewe huota ardhini na kusimama kwa shina lake, kama mkuyu wetu wa kandokando ya mito.

Mwanabotania Mjerumani Willdenow aliuelezea kisayansi mwaka 1806. Unapatikana kuanzia Meksiko, kupitia Amerika ya Kati, hadi Bolivia na Brazili, hasa nyanda za chini, kingo za mito na misitu inayochipua upya. Hupenda jua na hukua upesi sana. Mti mkubwa hufikia mita 40, na mizizi yake hutanuka kwenye kitako cha shina. Tazama ncha ya tawi: ala ndefu iliyochongoka hufunika jani changa. Jani likikunjuka, ala hudondoka na kuacha kovu linalolizunguka tawi. Kikonyo cha jani kikivunjwa, hutoka utomvu mweupe.

Kinachonivutia zaidi ni uchavushaji. Maua yamo ndani ya tunda, na nyigu wadogo wa jenasi Tetrapus huingia humo kutaga mayai. Nyigu wa mkuyu wa Afrika hukusanya chavua kwa miguu na kuitia kwenye vifuko vya kifuani. Tetrapus hawana mpango huo: wanatoka wametapakaa chavua tu, kwa hiyo mti hulazimika kuzalisha chavua kwa wingi. Tafiti za DNA zinaonyesha kwamba ukoo huu wa mitini ulijitenga na mingine yote mapema mno, ndiyo maana siuoni kama spishi moja tu kati ya mamia.

Tunda likiiva hubaki kijani, na popo hulitambua kwa harufu. Katika kisiwa cha Barro Colorado, Panama, popo Artibeus jamaicensis hulichuma na kwenda kulila kwenye mti mwingine, hivyo mbegu husambaa. Kosta Rika, samaki aina ya Brycon nao hula matunda yanayoanguka mtoni, na mbegu hupita tumboni mwao zikiwa hai.

Huko Amazonia ya Peru mti huitwa ojé, na utomvu wake hunywewa kutoa minyoo. Una kimeng'enya kinachoyeyusha protini, kwa hiyo anayezidisha kipimo huhatarisha maisha yake.