Ketosisi na ketoasidosisi ni maneno mawili

Juzi baada ya Isha, barazani Kibokoni, sahani ya kashata ilipitishwa, jamaa mmoja akaisukuma kwa kidole. "Mimi niko ketoasidosisi, wiki ya tatu hii." Alilisema kwa fahari, kama aliyemaliza kufunga sita. Kahawa thungu nusura inipalie. Mtu aliye kwenye ketoasidosisi hakai barazani. Yuko kitandani, dripu mkononi.

Alikusudia ketosisi. Kwa ufupi: ukipunguza wanga sana, kwa kawaida chini ya gramu 50 kwa siku (kikombe kimoja cha wali kina kama 45), insulini (homoni inayoshusha sukari ya damu) hushuka, mwili hugeukia mafuta, na ini huyafanya baadhi yake ketoni ili ubongo na misuli ipate cha kutumia. Basi. Hata mfungaji wa Ramadhani aweza kuwa nazo kidogo ikikaribia Maghribi. (Neno wanga nalo lina vituko vyake. Bibi yangu angemsikia mtu akisema ameacha wanga, angemuuliza alikuwa akimwangia nani.)

Sasa tuje kwenye jina. Ketoni ilipewa jina na mwanakemia Mjerumani Leopold Gmelin mwaka 1848, akilitoa kwenye Aketon, yaani asetoni. Asetoni asili yake ni acetum, Kilatini cha siki. Asidi nayo imetoka kwa acidus, kitu kikali au kichachu, na ni jamaa wa siki hiyohiyo. Kile kimkia cha -osisi ni Kigiriki, maana yake hali. Kwa hiyo ketosisi ni hali ya kuwa na ketoni, na ketoasidosisi ni hali ya ketoni kujaa hadi damu ikazidi asidi. Kipande cha katikati ni kidogo, lakini kufa na kufaa navyo vimetengana kwa herufi moja tu.

Anayekula keto, yaani mlo huo wa wanga kidogo, huwa na ketoni kama milimoli 0.5 hadi 3 kwa lita ya damu, na pH yake (kipimo cha asidi; ikishuka, asidi imezidi) hubaki palepale pa kawaida, 7.35 hadi 7.45. Kwenye ketoasidosisi pH huanguka chini ya 7.3. Breki ni insulini: kongosho likitoa hata kidogo, ketoni hazipandi ovyo. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza hana breki hiyo ila ile anayojidunga.

Hapo ndipo kosa hili linaponiudhi, kwa sababu huenda upande wa pili pia. Binamu yangu ana kisukari hicho. Aliacha wali na mahamri, akaona basi insulini ya nini, akaipunguza mwenyewe. Alipoanza kutapika na kuhema kwa nguvu, rafiki wa mazoezi akamwambia, "Ni ketosisi tu hiyo, mwili unazoea." Shangazi ndiye aliyeshtuka: mdomo wa mwanawe ulinuka dawa ya kutolea rangi ya kucha. Ndiyo asetoni yenyewe. Alilazwa siku nne.

Wanaomeza dawa za kisukari ziitwazo empagliflozini au dapagliflozini wana mtego zaidi: ketoni zaweza kupanda huku kipimo cha sukari kidoleni kikisoma karibu na kawaida. Na wanaomeza glibenklamidi, dawa nyingine ya kisukari, au wenye kisukari cha aina ya pili wanaojidunga insulini, wakikata wanga bila dozi kurekebishwa, sukari hushuka mno. Hao wote wamwone daktari kabla ya kuaga chapati, si baada.

Siisemi vibaya ketosisi. Mwaka 1921 daktari Russell Wilder wa hospitali ya Mayo Clinic, Marekani, aliipendekeza kwa wagonjwa wa kifafa, na hadi leo watoto wengine hutibiwa hivyo, chini ya uangalizi. Ina madhara yake pia: kizunguzungu na kichwa kuuma siku za mwanzo, choo kigumu, mawe ya figo, na kwa wengine kolesteroli mbaya hupanda. Lakini hayo ni mengine, na yana majina yake.

Yule jamaa nilimngoja amalize kikombe. "Yakhe," nikamwambia, "sema ketosisi. Ile asidi ya katikati waachie walio na dripu." Akalirudia mara mbili, la pili akalikosea, tukaongezewa kahawa.